Sikai, Napita Tu

Wilfred Haydock alikuwa na sura ambayo kila Mwingereza aliijua na hakuna aliyejua ni ya nani. Akipanda basi, watu walimkodolea macho, wakanong'onezana, mwishowe mmoja akajitosa: "Samahani bwana, si wewe uliyetutengenezea bomba la jikoni?" Au: "Wewe ndiye uliyemzika shangazi, sivyo?" Wilfred hakukataa. Alikuwa ametengeneza mabomba mengi na kuzika watu wengi, yote mbele ya kamera. Alikwisha kuwa kasisi, muuza samaki, hakimu mlevi, na mlinzi wa stesheni asiyejua treni inafika saa ngapi. Katika filamu moja alikuwa maiti, na wenzake walisema ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila kuchezesha pua. Mastaa walikuja na uzuri wao wakapita nao. Wilfred aliitwa Jumatatu, akaitwa tena Alhamisi, na simu ya nyumbani kwake London haikupata nafasi ya kupoa.

Hakuwa mzuri wa sura, wala hakuwahi kumbusu mwanamke yeyote kwenye filamu. Alichokuwa nacho ni macho ya mwizi. Ndiyo, mwizi, tusilipake jambo rangi. Kila aliyepata kukaa naye meza moja aliondoka amepungukiwa na kitu bila kujua. Mwendo wa yule kasisi ulikuwa wa mama mmoja aliyempangisha chumba zamani, mgonjwa wa miguu. Kikohozi cha hakimu kilikuwa cha mjomba wake. Na ile tabia ya muuza samaki ya kujikuna nyuma ya sikio kila anapotaka kusema uongo ilikuwa ya mama mkwe wake, ambaye aliitazama filamu ile mara mbili, akacheka hadi machozi, akauliza, "Hivi kweli wapo watu wa namna hiyo?" Tangu siku hiyo Wilfred akajihakikishia kwamba kazi yake haina madhara. Nyani haoni kundule. Unaweza kumwibia mtu kikohozi chake mchana kweupe, na yeye mwenyewe akakupigia makofi.

Alizaliwa Brackenshaw, mji wa viwanda vya pamba huko kaskazini, nyumba zimegandana ukuta kwa ukuta na masizi hadi kwenye kamba za kuanikia nguo. Baba yake, Enoch, alikuwa mfumaji. Mitambo ya kufumia ilipiga kelele kiasi kwamba wafumaji hawakusikilizana, basi walizungumza kwa midomo bila sauti, wakiikunjua taratibu ili mwenzao asome. Mtu aliweza kumsengenya mwenzake kutoka upande wa pili wa ukumbi bila kutoa hata pumzi. Wilfred aliingia kiwandani humo angali kijana, akaijua lugha hiyo kabla hajaanza kunyoa ndevu. Humo ndimo alimoanza kumuiga msimamizi, na siku msimamizi alipomfumania, alimwambia kwa hasira akatafute kazi ya kuchekesha watu. Lilikuwa tusi, lakini kijana akalichukua kama ushauri. Akajiunga na kikundi cha michezo ya jukwaani kilichobadilisha mchezo kila wiki, akawa anaigiza vizee na hali hana mvi hata moja. Kutoka hapo akaenda London, na Brackenshaw ikawa mahali pa kupeleka zawadi ya Krismasi.

Baba yake alibaki. Enoch Haydock alikuwa mtu mwenye haya kupita kiasi. Mitambo ilikuwa imemla masikio, hata hakujua kama anasema kwa sauti kubwa au ndogo, hivyo mbele za watu aliona heri anyamaze. Mkewe alipokufa, ukimya ukazidi. Ila jioni, akishamaliza chai yake, alivaa kofia akatoka. Mlango wa jirani yake, Bi Nellie Grimshaw, ulikuwa wazi siku zote, na Enoch aliubisha hivyo hivyo. Kisha akavua kofia, akatanguliza kichwa ndani huku mwili umebaki barabarani, akasema, "Sikai, napita tu." Halafu akaketi. Aliketi ukingoni mwa kiti, kofia gotini, kama mtu anayengoja basi, na hapo ukingoni alikaa mpaka wenye nyumba wakaanza kupiga miayo.

Bi Grimshaw hakuwahi kumcheka. Maneno yale yalikuwa adabu: yalimwambia mwenyeji asijisumbue, asibandike birika, asimfukuze paka kitini. Lakini kwa Enoch yalikuwa zaidi ya adabu. Mtu mwenye haya hawezi kuingia nyumba ya watu hivi hivi. Lazima aingie kwa kuahidi kwamba atatoka. Hakuwa na maneno mengine ya kuingilia, na kwa miaka yote hiyo hakuyahitaji.

Basi siku moja Wilfred akapewa kijisehemu katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni: jirani anayekuja kuazima ngazi, anaipata, anaondoka. Siku ya mazoezi mwongozaji, bwana mmoja aitwaye Lionel Pym, alimtazama huku akitafuna penseli.

"Wilf, ndugu yangu, huyu jirani hana chumvi. Mpe kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye duka ni wewe."

Wilfred akatoka nje ya ule mlango wa maigizo. Hakufikiri, na hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakufikiri hata kidogo. Mkono ukabisha mlango uliokuwa wazi. Kofia ikavuliwa. Kichwa kikatangulia. "Sikai, napita tu," akasema, kwa sauti iliyopanda pasipo sababu, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Akaketi ukingoni mwa kiti, kofia gotini. Mpiga kamera alicheka hadi akaikumbatia kamera yake asianguke, na Pym akawa anafuta machozi kwa tai.

Jirani wa siku moja akawa jirani wa kila wiki. Kabla mwaka haujaisha, nchi nzima ilikuwa inasema "Sikai, napita tu." Makondakta wa mabasi walisema. Madaktari walisema wakiingia wodini. Watoto walimkimbilia Wilfred barabarani wakitanguliza vichwa kama kobe. Kampuni moja ya makochi ikamlipa akae kwenye kochi lao, aseme maneno yale, kisha asinyanyuke tena. Akakaa, akalipwa. Mara mojamoja alijiuliza kama kule Brackenshaw mzee anatazama. Dada yake, Hilda, aliyeolewa mtaa wa pili kutoka kwa baba yao, alimwambia kwenye simu, "Baba hajambo," basi. Wilfred akaridhika na hilo. Aliyeshiba huridhika upesi.

Mcheza kwao hutunzwa, na Brackenshaw nayo ikataka kumtunza mwanawe. Meya alimwita aje kufungua ukumbi mpya wa mji. Wilfred akaja na suti mpya, akakata utepe, na umati ukampigia kelele mpaka akatoka nje, akabisha mlango wa ukumbi aliokwisha kuufungua, akatanguliza kichwa. Njiwa waliokuwa paani waliruka kwa kile kicheko. Akatafuta kofia ya baba yake katikati ya zile kofia zote, asiione. Akadhani mzee amekaa nyuma kwa haya zake. Chai ya meya ilipokwisha, akaenda nyumbani kwa miguu, kicheko bado kiko masikioni.

Hilda ndiye aliyemfungulia, mikono ina unga. Alimvutia moja kwa moja jikoni, akafunga mlango wa sebuleni.

"Hongera, bwana mkubwa. Umewachekesha?"

"Wamefurahi. Mbona baba hakuja?"

"Miguu."

"Miguu ina nini?"

"Haina kitu. Hivyo ndivyo anavyosema yeye, nami nakwambia alivyosema."

"Na hii ni jioni, Hilda. Saa hizi si huwa kwa Bi Grimshaw?"

"Haendi tena."

"Wamegombana?"

"Haendi popote, Wilf. Kwa Nellie haendi, kwa mtu yeyote haendi. Mimi binti yake namletea pai hapa hapa kama mfungwa. Wajukuu wakitaka kumwona waje wao." Alilipiga donge la unga kwa kiganja. "Mwanzoni watu walicheka naye. 'Enoch, mwanao katuletea uso wako sebuleni!' Naye akacheka, maana alikuwa anajivunia, mjinga wewe. Alikuwa anawaambia watu, 'Huyo ni wetu.' Lakini ikawa kila mlango ni hivyo hivyo. Hajafungua mdomo, watoto wa Nellie wamemtangulia: 'Sikai, napita tu!' Sasa yeye aseme nini? Anasimama pale kizingitini na kofia mkononi, hana neno la kuingilia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba uache kula? Ngoja nimalize. Ikaja siku klabu ya wafumaji ilipopata wageni wa kucheza dhumna, watu wa mji mwingine, hawamjui. Baba akaingia, akasahau, akasema lake. Bwana mmoja akamwambia, 'Mzee, unamuiga vibaya. Yule wa kwenye televisheni anainamisha kichwa zaidi.' Akanyanyuka, akamwonyesha. Klabu nzima hoi kwa kicheko. Umenisikia, Wilf? Mtu alimfundisha baba yako kuwa baba yako."

Wilfred alikuwa ameshika kiti kwa nyuma. "Baba akafanya nini?"

"Akasema asante. Akavaa kofia, akarudi nyumbani. Basi, mpaka leo."

Aibu ina njia zake. Nyingine hupanda usoni ikawaka, ikazima. Hii ilimshuka Wilfred tumboni, ikakaa huko kama chakula kilichochacha. Hakumwogopa meya wala watazamaji wa nchi nzima, lakini ule mlango wa sebuleni alisimama mbele yake muda mrefu kabla ya kuusukuma.

Mzee alikuwa kando ya moto. Televisheni aliyonunuliwa na mwanawe ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu ya kitambaa kumewekwa chungu cha ua. Enoch akainua macho, akayapeleka kwenye mdomo wa mwanawe, kama wafumaji wote wanavyofanya, maana wao huwasikiliza watu kwa macho.

"Wamekupa chai?"

"Wamenipa, baba. Hilda ameniambia."

"Hilda ana maneno mengi. Tangu utotoni."

"Baba, nisamehe."

"Kwa lipi? Kazi ni kazi, mwanangu."

"Nilichukua kilicho chako."

Enoch akafikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza. "Ungechukua nini kingine?" akasema. "Sikuwa na kingine."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mwenyeji anayeomba radhi kwa mboga chache mezani, na hilo ndilo lililomkata Wilfred maini. Alitaka kupiga magoti. Alitaka kuushika mkono ule. Akautazama mkono. Ulikuwa umeshika kofia, hata humo ndani, kando ya moto wake mwenyewe, na kidole gumba kilikuwa kinazunguka ukingo wa kofia, kinafika kwenye mshono, kinakwama, kinatetemeka kidogo, kinarudi kilikotoka. Wilfred alikiona kidole kile chote, mwanzo hadi mwisho. Alikiona kinavyokwama. Na ndani yake, mahali ambapo hapakuwa na huzuni wala adabu, kitu kikasema: hicho ni kizuri.

Alirudi London kwa treni akijiapiza. Atamwambia Pym kwamba basi, imetosha. Alipofika, Pym alikuwa amekwisha kuandaa wiki tatu za mbele, waandishi wamefurahi, wenzake wana watoto wa kulisha, na Wilfred, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukataa kazi hata ya umaiti, akashindwa kufungua mdomo. Akasema moyoni, wiki hii ya mwisho.

Katika mazoezi akabisha, akavua kofia, akatanguliza kichwa, akasema maneno, akaketi. Watu wakacheka kama desturi. Halafu kicheko kikabadilika, kikawa kipya, na Pym akaruka kutoka kitini.

"Hicho kidole! Hebu kirudie! Wilf, umekitoa wapi hicho?"

Wilfred akajitazama gotini. Kidole gumba chake kilikuwa kinazunguka ukingo wa kofia. Kilikuwa kimekwama kwenye mshono, kinatetemeka.

"Nimekiokota," akasema.

Akaenda chooni, akatapika mpaka akabaki na maji ya nyongo. Alipojitazama kwenye kioo, alisubiri kwa muda aone kama hata uso wa mtu anayetapika kwa aibu atauweka akiba. Akauweka. Ndipo alipojichukia kweli kweli.

Akarudi ukumbini, amelowa uso. "Muueni," akasema.

"Nani?"

"Huyo jirani. Muueni, au mpelekeni Australia. Mimi siji tena."

"Wilf, umelewa? Huyo ndiye anayekulisha!"

"Najua anayenilisha. Namjua kuliko wewe."

Wakampeleka Australia. Wiki iliyofuata mtu mwingine alisoma mbele ya kamera barua iliyosema kwamba jirani amekwenda kuishi na binamu yake na ngazi kaondoka nayo. Magazeti yalilalamika. Wilfred alipita miezi ya njaa, kisha simu ikaanza tena: kasisi, mchimba kaburi, baba wa bibi harusi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watoto waliendelea kutanguliza vichwa. Makondakta waliendelea. Alikuwa ameyatoa maneno mdomoni mwa mtu mmoja na kuyatia katika midomo ya nchi nzima, na hapakuwa na namna ya kwenda nyumba kwa nyumba kuyakusanya.

Tangu hapo alikwenda Brackenshaw mara kwa mara. Alikaa na baba yake kando ya moto, wakala matumbo kwa vitunguu, wakazungumza habari za hali ya hewa, ambazo Waingereza hawazimalizi. Alimwomba waende wote kwa Bi Grimshaw. "Miguu," mzee akasema. Alimwomba aje London. "Mbali." Bi Grimshaw mwenyewe alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Enoch, njoo bwana, kiti chako kimekaliwa na paka tu." Enoch akamshukuru. Hakwenda.

Kisha binti wa Wilfred akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akapangiwa siku ya ubatizo, chai ikaandaliwa nyumbani kwa Wilfred. Hilda akapiga simu. "Amesema atakuja kumwona kitukuu. Usiniulize nimefanyaje. Nunua kiti kisicho na mito mingi."

Wilfred akafanya kosa moja la mwisho, kosa la mtu wa jukwaani. Aliwaonya wageni. Alimwonya mkewe, Marjorie; alimwonya mama mkwe; alimwonya Lionel Pym, ambaye hangeweza kukosa chai ya bure: mzee akiingia, mtu asiseme yale maneno, mtu asicheke, mtu asitabasamu hata. Wote wakaapa. Matokeo yake, kengele ilipolia na Hilda akamtangulia mzee ndani, sebule nzima ilinyamaza kama ukumbi pazia linapofunguka. Vikombe vilisimama hewani. Kila jicho lilikwenda mlangoni, na kila mtu alikuwa ameubana mdomo wake kwa kuuzuia usicheke.

Enoch akatokea kizingitini. Alikuwa amezeeka, kola imekuwa kubwa kuliko shingo. Mlango ulikuwa wazi, naye akaubisha. Akavua kofia. Akatanguliza kichwa. Akawaona wote wale, wamekaa wakimngoja, na Wilfred, aliyekuwa amesimama upande wa pili na birika la chai mkononi, akaona baba yake anataka kugeuka arudi stesheni.

Hakugeuka. Alimtafuta mwanawe kwa macho, juu ya vichwa vya wale watu, kama anavyotafutwa mtu katika ukumbi wa mitambo. Kisha midomo yake ikafunguka, ikakunjuka taratibu, neno baada ya neno, bila sauti hata chembe, ikafungwa. Alisema maneno yake kwa kuyaficha, kama mtu aliyeshika mali ya wizi, na mwizi ndiye aliyekuwa ameshika birika.

"Amesema nini?" Marjorie akanong'ona.

"Hajasema kitu," Wilfred akajibu.

Akamwekea baba yake kile kiti kisicho na mito. Mzee akaketi ukingoni, kofia gotini. Mazungumzo yakaanza upya, mtoto akaletwa, Pym akaomba keki. Wilfred akasikia kidole gumba cha baba yake kinaanza safari yake kwenye ukingo wa kofia, kinasugua nguo kidogo kidogo kuelekea kwenye mshono. Akageuka upesi, akaukabili ukuta, akamimina chai mpaka ikajaa sahani, asikione.